Namna ya Kusoma Matokeo ya Jeni za Usugu katika Stafilokoko wa Hospitalini

Ripoti ya maabara inapofika wodini ikiwa na neno moja tu, mecA, yaani jeni inayomfanya bakteria asidhurike na dawa nyingi za jamii ya penisilini, mambo mengi hubadilika kwa saa chache: daktari anabadilisha dawa, muuguzi anatafuta chumba cha peke yake, na mgonjwa aliyelazwa kwa ajili ya upasuaji wa nyonga anaanza kuhudumiwa na watu waliovaa aproni na glavu. Jeni hiyo inastahili kuogopwa. Lakini jina la jeni peke yake halitoshi kuamua tiba wala kutangaza mlipuko, na makosa mengi ninayoyaona hutokana na kulisoma jina hilo kana kwamba ndilo jibu lote. Msomaji makini hujiuliza mambo matatu kila mara: jeni imo ndani ya bakteria yupi, imekaa wapi katika vinasaba vyake, na je, inafanya kazi au imelala. Mwongozo huu unafuata maswali hayo kadiri kazi yenyewe inavyoyaleta mezani, kuanzia sahani ya kuoteshea hadi usomaji wa vinasaba vyote.

Mtambue bakteria kabla ya kuitafuta jeni

Stafilokoko ni ukoo mkubwa. Staphylococcus aureus, ambaye huishi kimya puani mwa takriban theluthi moja ya watu, ndiye anayeleta majipu, nimonia, na maambukizi ya damu na ya vidonda vya upasuaji. Ndugu zake wasio na koagulasi, kimeng'enya cha kugandisha plazma ya damu, hasa Staphylococcus epidermidis na Staphylococcus haemolyticus, ni wakazi wa kawaida wa ngozi, lakini hupata nafasi ya kudhuru panapokuwa na katheta, vali ya bandia ya moyo au kiungo cha chuma, kwa kuwa hujenga utando juu ya vitu hivyo na kujificha ndani yake.

Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja katika usomaji wa jeni. Sehemu kubwa ya stafilokoko wa ngozi wanaopatikana hospitalini hubeba mecA. Ukipima jeni moja kwa moja kwenye pamba iliyopitishwa puani, bila kuotesha kwanza, unaweza kuipata mecA ya epidermidis na kuipata pia nuc, ambayo ni jeni ya kumtambulisha aureus, kutoka kwa aureus asiye na usugu wowote. Mashine itaonyesha vyote viwili, nawe utaandika kwamba umempata MRSA, yaani aureus sugu kwa methisilini, wakati hayupo. Nimewahi kutia saini jibu la namna hiyo. Mgonjwa alitengwa siku nne na kupewa vankomisini asiyoihitaji, mpaka bakteria walipooteshwa upya na kuonekana kuwa ni wawili tofauti waliokuwa wakiishi pamoja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupata koloni moja safi. Chora sampuli kwenye agari ya damu hadi makoloni yatengane, thibitisha kwa rangi ya Gram, katalasi na koagulasi, au kwa mashine ya MALDI-TOF inayotambua bakteria kwa uzito wa protini zake. Kisha chukua koloni hilohilo, ulioteshe tena, na kutoka hapo ndipo utoe kila kitu: bakteria wa kupima usugu, DNA ya kutafutia jeni, na akiba ya kugandisha. Jibu la jeni lililotoka kwenye koloni moja na jibu la dawa lililotoka kwenye koloni jingine haviwezi kulinganishwa kwa haki.

mecA inavyofanya kazi na namna ya kuithibitisha

Penisilini na jamaa zake wote wa kundi la beta-laktamu huua bakteria kwa kujifunga kwenye protini zinazounga ukuta wa seli, protini ambazo kwa kifupi huitwa PBP. Jibu la kwanza la stafilokoko lilikuwa kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa yenyewe. Kimeng'enya hicho, penisilinasi, hutokana na jeni blaZ, na kufikia mwaka 1944, miaka michache tu baada ya penisilini kuanza kutumika kwa wagonjwa, kilikuwa kimekwisha kutolewa kutoka kwa aureus sugu. Methisilini iliundwa ili isivunjwe na kimeng'enya hicho. Ilianza kutumika mwaka 1959, na mwaka 1961 Patricia Jevons aliripoti nchini Uingereza aureus walioishinda.

Safari hii bakteria hakuivunja dawa. Alijipatia protini nyingine ya kujengea. Jeni mecA hutoa PBP2a, protini ambayo sehemu yake ya kazi imejificha kiasi kwamba beta-laktamu nyingi haziwezi kuishika. Dawa inapozifunga PBP za kawaida, PBP2a huendelea kuunga ukuta na seli huendelea kuishi. Ndiyo sababu jeni hii moja hubatilisha kwa mkupuo kloksasilini, amoksisilini hata ikichanganywa na klavulanati, kabapenemu, na karibu sefalosporini zote, isipokuwa chache kama seftarolini zilizoundwa makusudi ili ziifikie PBP2a.

mecA haisafiri peke yake. Imebebwa ndani ya kipande kikubwa cha DNA kinachoitwa kaseti ya kromosomu ya stafilokoko, SCCmec, ambacho kina vimeng'enya vyake vya kukata na kuunga vinavyotokana na jeni za ccr. Vimeng'enya hivyo huichomeka kaseti mahali pamoja tu pa kromosomu, mwishoni mwa jeni iliyojulikana kwa jina la orfX na ambayo sasa huitwa rlmH. Aina zaidi ya 10 za kaseti zimeshaelezwa. Aina ya I, II na III ni kubwa, kuanzia jozi za besi elfu 30 na kitu hadi karibu elfu 70, nazo zilitawala hospitalini kwa miaka mingi. Ya II na ya III mara nyingi hubeba pia jeni za usugu dhidi ya dawa nyingine. Aina ya IV na ya V ni fupi, na zilipata umaarufu kwa bakteria wanaoambukiza watu nje ya hospitali. Mpaka huo umefifia. Ukoo wa ST22 ulioenea katika hospitali nyingi una kaseti ya aina ya IV, kwa hiyo usihukumu mahali mgonjwa alipoambukizwa kwa kuangalia namba ya kaseti tu.

Kipimo cha msingi cha kuthibitisha kwamba jeni inafanya kazi bado ni rahisi, nacho ni diski ya sefoksitini yenye mikrogramu 30. Tengeneza mchanganyiko wa bakteria wenye ukungu wa 0.5 McFarland, upake kwenye agari ya Mueller-Hinton, weka diski, kisha otesha kwa nyuzijoto 35 kwa saa 16 hadi 18. Kwa aureus, kipenyo cha milimita 21 au pungufu kinaonyesha usugu kwa methisilini. Usiutumie mpaka huo kwa epidermidis, kwa sababu ndugu hao wana mipaka yao katika miongozo.

Kwa nini sefoksitini na si methisilini yenyewe? Sababu iko kwenye jeni. Mbele ya mecA kuna jeni mbili za usimamizi, mecR1 na mecI. Protini ya MecI hukaa juu ya DNA na kuizima mecA. Protini ya MecR1 hukaa kwenye utando wa seli kama mlinzi, na inapoiona beta-laktamu nje hutuma ishara inayomng'oa MecI mahali pake. Sefoksitini huuamsha mfumo huu kwa nguvu kuliko oksasilini, ndugu wa karibu wa methisilini, hivyo jeni iliyolala huamka na kuonekana kwenye sahani. Jeni za usimamizi wa penisilinasi, blaR1 na blaI, zinaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa mecA, na katika bakteria wengi ambao mecI yao imekatika au imeharibika, hizo ndizo zinazoishika hatamu.

Nyuzijoto 35 pia si pambo la mwongozo. Wengi wa MRSA wana usugu usio sawa: katika kundi la seli zinazofanana kwa vinasaba, nyingi huzuiwa na kiasi kidogo cha dawa na chache sana hustahimili kiasi kikubwa. Joto likizidi 35, seli hizo chache huonyesha usugu kwa shida, na MRSA wa kweli anaweza kuonekana kana kwamba anatibika. Pima joto la kiotesheo kila asubuhi, tena kwa kipimajoto kilicho ndani, bila kuutegemea ule mwanga wa namba ulioko mlangoni.

Jeni na sahani zinapopingana

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema. Mgongano kati ya jeni na sahani mara nyingi ni taarifa halisi kuhusu bakteria, kwa hiyo usiurudie tu ukingoja upotee.

Hali ya kwanza ni mecA kupatikana huku diski ikionyesha kwamba dawa inafanya kazi. Hakikisha kwanza koloni ni safi. Kama ni safi, huenda mecA imezimwa na wasimamizi wake, au ina kosa dogo linaloizuia kutoa protini kamili. Kipimo cha lateksi cha PBP2a kinachofanywa kwenye bakteria waliooteshwa karibu na diski ya sefoksitini kitakuonyesha kama protini ipo. Hata ikikosekana, mripoti bakteria huyu kuwa sugu, kwa sababu jeni iliyozimwa inaweza kuwaka tena mgonjwa akiwa katikati ya tiba ya beta-laktamu.

Hali ya pili ni ya vipimo vya haraka vinavyotafuta mahali kaseti inapokutana na orfX badala ya kutafuta mecA yenyewe. Wapo aureus ambao kaseti yao ilidondosha mecA na kubaki na ncha zake. Kipimo kinaona ncha na kusema MRSA, ilhali jeni yenyewe haipo. Vipimo vipya vingi hutafuta vyote viwili kwa sababu hiyo, kwa hiyo soma kijitabu cha kipimo chako ujue kinatafuta nini hasa.

Hali ya tatu ni usugu kwenye sahani bila mecA. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni mecC, iliyoelezwa mwaka 2011, ambayo hufanana na mecA kwa takriban asilimia 70 tu ya mfuatano wa DNA. Viasilishi vingi vya PCR, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoitafuta jeni katika kipimo cha kuzidisha nakala zake, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mecA haviishiki. Historia yake inasisimua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba aureus wenye mecC waliishi juu ya ngozi ya kalunguyeye wa Ulaya tangu karne ya 19, ambako kuvu wa ngozi ya mnyama huyo hutoa kemikali za jamii ya penisilini. Vivyo hivyo, uchambuzi wa vinasaba vya MRSA wa miaka ya 1960 waliohifadhiwa, uliotolewa mwaka 2017, uliirudisha asili ya ukoo wao hadi katikati ya miaka ya 1940, kabla methisilini haijatengenezwa. Penisilini iliyotumika kwa wingi wakati huo yatosha kueleza ni nini kilichowapa nafasi.

Kama mecC nayo haipo, fikiria aureus anayetoa penisilinasi kwa wingi kupita kiasi, au mwenye mabadiliko kwenye PBP zake za kawaida. Usugu wa hawa huwa wa mpakani, na kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji wao, yaani MIC, hukaa karibu na mstari wa kugawia. Andika hivyo kwenye ripoti, usiwaite MRSA.

Usugu unaongoja dawa ili ujitokeze

Mfano bora wa jeni inayolala ni erm. Jeni hizi, ambazo kwa aureus wa hospitalini huwa hasa ermA na ermC, hutoa kimeng'enya kinachobandika kikundi cha methili kwenye ribosomu, yaani kiwanda cha protini cha seli, mahali pamoja mahususi pa RNA yake kubwa. Erithromisini, klindamisini na streptograminini B zote hushika sehemu hiyo, hivyo zote tatu hupoteza nguvu.

Tatizo ni kwamba katika bakteria wengi erm huwaka erithromisini inapokuwapo tu. Klindamisini peke yake haiiwashi. Ukiipima kivyake, sahani itaonyesha duara pana na safi, daktari ataiandika kwa mgonjwa mwenye maambukizi ya mfupa, na ndani ya siku chache zitachipuka seli zenye kosa dogo kwenye sehemu ya usimamizi, ambazo erm yake huwaka muda wote. Tiba itashindwa huku ripoti ikiwa bado inasema dawa inafanya kazi.

Kuzuia hilo hakuhitaji mashine ya gharama. Weka diski ya erithromisini ya mikrogramu 15 karibu na diski ya klindamisini ya mikrogramu 2, kwa umbali unaotajwa na mwongozo unaoufuata, kisha otesha usiku mmoja. Kama erm ipo, erithromisini inayosambaa ndani ya agari itaiwasha kwa seli zilizo upande wake, na duara la klindamisini litabanwa upande huo hadi lifanane na herufi D. Ukiiona D, ripoti klindamisini kuwa haifai. Usipoiona ilhali erithromisini imeshindwa, huenda jeni ni msrA, inayoilinda ribosomu dhidi ya erithromisini bila kuigusa klindamisini. Mgonjwa huyo anaweza kutibiwa kwa klindamisini. Jeni mbili zinazofanana kabisa kwenye mstari wa erithromisini zinampeleka mgonjwa njia mbili tofauti, na diski mbili zilizowekwa karibu ndizo zinazozitenganisha.

Vankomisini: njia mbili zisizofanana

Vankomisini ndiyo kimbilio la kawaida dhidi ya MRSA, kwa hiyo usugu wake unahitaji uangalifu wa pekee. Kwanza, usiipime kwa diski. Molekuli yake ni kubwa na husambaa polepole ndani ya agari, na diski haiwezi kuwatenga wenye usugu wa kati na wasio na usugu. Tafuta MIC kwa kuipunguza dawa hatua kwa hatua ndani ya mchuzi wa kuoteshea.

Njia ya kwanza ya usugu ni ya jeni kuingia kutoka nje. Mwaka 2002, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, alipatikana aureus mwenye vanA kwa mgonjwa wa kusafishwa damu. Jeni hiyo ilitoka kwa enterokoko, bakteria wa utumbo, aliyekuwa kwenye mwili wa mgonjwa huyohuyo, ikiwa imebebwa na transposoni Tn1546, kipande cha DNA kinachoweza kuhama. Kazi yake ni kubadilisha ncha ya tofali la ukuta: mahali palipokuwa na alanini mbili huwekwa alanini na laktati, na vankomisini hukosa pa kushika. Bakteria wa namna hii ni nadra hadi leo. Ukikuta MIC ya mikrogramu 16 kwa mililita au zaidi kwa aureus, rudia kipimo, thibitisha vanA kwa PCR, na toa taarifa siku hiyohiyo kwa wanaodhibiti maambukizi, bila kusubiri ripoti iliyoandikwa.

Njia ya pili ndiyo inayowachanganya wasomaji wa jeni. Aureus mwenye usugu wa kati, aliyeripotiwa kwanza nchini Japani mwaka 1997, hana jeni ya kigeni hata moja inayoeleza hali yake. Ana makosa madogo yaliyojikusanya kwenye jeni zake za kawaida, hasa zile zinazosimamia ujenzi wa ukuta kama walKR, graRS na vraSR, na wakati mwingine rpoB. Matokeo yake ni ukuta mnene unaoinasa vankomisini kwenye tabaka za nje kabla haijafika inapofanya kazi. Makosa hayo hutofautiana kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo programu ikikuambia kwamba hakuna jeni ya usugu wa vankomisini, imejibu kuhusu vanA tu. Kwa mgonjwa ambaye damu yake inaendelea kuotesha aureus licha ya vankomisini ya kutosha, amini MIC na hali ya mgonjwa kuliko orodha ya jeni.

Dawa nyingine, kwa ufupi

Kwa rifampisini, badiliko moja katika rpoB latosha, na seli zenye badiliko hilo hujitokeza zenyewe mara moja katika kila seli milioni 10 hadi 100, ilhali jipu moja linaweza kuwa na zaidi ya hizo. Ndiyo maana haipewi peke yake. Kwa siprofloksasini na jamaa zake, tazama mabadiliko ya gyrA na ya grlA, ambayo wengine huiita parC. Usugu wa jentamisini mara nyingi hutokana na jeni moja yenye kazi mbili, aac(6')-aph(2''), na wa tetrasaiklini hutokana na tetK inayoisukuma dawa nje au tetM inayoilinda ribosomu. Kwa linezolidi kuna badiliko la G2576T kwenye RNA ya ribosomu, na kuna cfr, ambayo husambaa kwa plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, na hivyo inatisha zaidi. Mupirosini ya puani hushindwa kabisa pale panapokuwa na mupA, huku badiliko la ileS likileta usugu mdogo tu. Tofauti hiyo iandikwe, kwa sababu inaamua kama kumsafisha mgonjwa pua kabla ya upasuaji kutafaa.

Uliza jeni imekaa wapi

Jeni ileile ina maana tofauti kwa wodi kulingana na mahali ilipo. Badiliko la rpoB liko kwenye kromosomu na hurithiwa na watoto wa seli hiyo tu. Jeni iliyoko kwenye plasmidi inaweza kuhama usiku mmoja kutoka kwa epidermidis wa ngozi kwenda kwa aureus wa kidonda. Kwa stafilokoko, msafirishaji mkuu ni virusi vya bakteria, yaani faji, vinavyofunga kwa makosa kipande cha DNA ya bakteria ndani ya ganda lao na kukidunga ndani ya bakteria mwingine. Plasmidi kubwa chache zina uwezo wa kujihamisha zenyewe seli mbili zinapogusana.

Kuna vizuizi pia. Aureus ana vimeng'enya vinavyokata DNA ngeni, na alama zake hutofautiana kati ya koo, hivyo DNA hupita kwa urahisi zaidi ndani ya ukoo mmoja kuliko kati ya koo mbili. Hii ndiyo mojawapo ya sababu za koo chache kutawala hospitali nyingi kwa wakati mmoja.

Usomaji wa vinasaba kwa vipande vifupi, ambao ndio wa kawaida katika maabara, mara nyingi hushindwa kuonyesha kama jeni iko kwenye plasmidi au kwenye kromosomu, kwa kuwa mifuatano inayojirudia huvunja ramani. Ukihitaji jibu hilo kwa uhakika, hasa unaposhuku kwamba plasmidi moja inazunguka kati ya bakteria mbalimbali, tumia usomaji wa vipande virefu.

Kufuatilia maambukizi kutoka kitanda hadi kitanda

Wagonjwa watatu wenye MRSA katika wodi moja hawathibitishi mlipuko. Huenda kila mmoja alikuja na wake. Njia ya kuwapanga kwa jeni 7 za kawaida, arcC, aroE, glpF, gmk, pta, tpi na yqiL, hutoa namba ya ukoo kama ST5, ST22 au ST239. Namba hiyo husaidia kuwatenga wasiohusiana, lakini haithibitishi uhusiano: katika hospitali ambayo ST22 ndiye mwenye nyumba, wagonjwa wawili wa ST22 wanaweza kuwa hawajawahi kukaribiana.

Usomaji wa vinasaba vyote, ambavyo kwa aureus ni takriban jozi za besi milioni 2.8, hutoa kipimo kizuri zaidi, yaani idadi ya herufi zinazotofautiana. Katika ukoo wa ST239, herufi moja ilikadiriwa kubadilika kwa wastani katika kila wiki sita. Kwa hiyo tofauti chache kati ya bakteria wa wagonjwa waliolazwa mwezi mmoja zinaendana na maambukizi ya karibuni, na tofauti za mamia zinayakataa. Katikati kuna eneo la giza, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kubeba kundi lenye tofauti ndogondogo, na koloni moja ulilosoma haliwakilishi kundi zima. Soma makoloni kadhaa unapoweza, na linganisha kila mara na tarehe za kulazwa, vitanda na wahudumu.

Faida ya kazi hii ilionekana wazi katika wodi ya watoto wachanga mjini Cambridge, Uingereza, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013. Wagonjwa ambao mwanzoni walionekana kutohusiana waliunganishwa na vinasaba kuwa mlipuko mmoja, na mgonjwa mpya alipojitokeza baada ya wiki kadhaa za ukimya, wahudumu walipimwa na mmoja wao akapatikana na bakteria wa mlipuko huo. Ninaporudi kwenye uchunguzi huo, kinachonigusa ni kwamba bakteria wa miezi iliyopita walikuwa bado wamehifadhiwa, tayari kulinganishwa.

Kuangalia ripoti ya programu na kuandika jibu

Programu za kutafuta jeni za usugu, kama vile ResFinder na AMRFinderPlus, hutoa orodha yenye asilimia mbili kwa kila jeni: kufanana kwa mfuatano, na sehemu ya jeni iliyofunikwa. Soma zote mbili. Jeni inayofanana kwa asilimia 100 lakini iliyofunikwa nusu tu huenda imekatika, au imeangukia ukingoni mwa kipande cha ramani. Angalia pia kina cha usomaji, yaani kila sehemu imesomwa mara ngapi. Jeni yenye kina kidogo sana kuliko kromosomu inaweza kuwa uchafu kutoka sampuli ya jirani, na yenye kina kikubwa mara nyingi iko kwenye plasmidi ndogo yenye nakala nyingi. Hakikisha kwamba programu imetafuta mabadiliko ya herufi mojamoja pia, maana zile zinazotafuta jeni nzima tu hazitaona gyrA wala rpoB.

Katika kuandika jibu, tanguliza jina la bakteria, kisha dawa na matokeo ya sahani, na mwisho jeni pamoja na maana yake kwa lugha ya tiba. Badala ya kuandika ermC peke yake, andika kwamba bakteria ana jeni ya ermC, kipimo cha diski mbili kimeonyesha umbo la D, na klindamisini isitumike. Pale jeni na sahani zinapopingana, sema hivyo waziwazi, eleza ulichokifanya kuupima mgongano huo, na taja dawa iliyo salama zaidi hadi jibu la mwisho lipatikane.

Kisha mgandishe bakteria kwenye gliseroli, kwa nyuzijoto 80 chini ya sifuri, ukiandika namba ya sampuli, tarehe, wodi na koloni alikotoka, ili mgonjwa wa nne atakapoonekana miezi mitatu baadaye uwe na wa kumlinganisha naye.